Nani anachora ndani ya mashine pepe?

Hapa Mtwara wengi huniletea laptopu wakiwa wameshaamua kwamba dawa ni kuongeza RAM. Mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, inawaka vizuri, wanasema, ila wakifungua mchoro wa 3D inajikokota. Mimi huanza kwa kujua nani anachora, prosesa au kadi ya michoro.

Kama mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, ni Linux, fungua terminali uandike glxinfo -B, kisha utafute jina la kinachochora. Ukikuta llvmpipe, programu inayochora kwa prosesa, kadi haijaguswa kabisa. Prosesa ndiyo inayopaka kila pikseli. Kwa joto letu la Januari utalisikia hilo kabla hujalisoma, maana feni inavuma mpaka jirani wa duka la pili anauliza kulikoni.

Kwenye VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, kutia tiki kwenye 3D ni nusu tu ya kazi. Kidhibiti cha michoro kiwe VMSVGA kwa mgeni wa Linux, VBoxSVGA kwa Windows. Memori ya video ipandishe ifike MB 128. Halafu sakinisha Guest Additions, kifurushi cha draiva za VirtualBox, ndani ya mgeni, hatua ambayo nakuta imerukwa mara nyingi kuliko zote. Bila draiva zake, ile tiki ni pambo. Na toleo lako liwe 7 au jipya zaidi, kwa sababu hapo ndipo 3D ya mgeni wa Windows ilipofumuliwa na kujengwa upya juu ya DirectX 11.

Kama unatumia KVM, mfumo wa mashine pepe uliomo ndani ya Linux, fungua virt-manager, programu ya kuzisimamia, chagua video ya Virtio na uwashe 3D. Upande wa Spice, njia ya kuonyesha skrini ya mgeni, zima usikilizaji wa mtandao, kisha washa OpenGL. Pande zote mbili zikishawashwa, glxinfo itakuonyesha virgl, ishara kwamba kadi halisi inatumika. Tatizo ni kwamba hii inamfaa mgeni wa Linux. Draiva rasmi za virtio kwa Windows haziji na 3D.

Kuna wanaotaka kumkabidhi mgeni kadi nzima kwa VFIO, njia ya Linux ya kumpa mgeni kifaa halisi moja kwa moja. Inawezekana, na kasi yake inakaribia ya mashine halisi. Lakini uwashe VT-d (kwa prosesa za Intel) au AMD-Vi (kwa za AMD) kwenye BIOS, kadi isiwe kundi moja la IOMMU, yaani vifaa vinavyokabidhiwa kwa pamoja, na vifaa ambavyo mwenyeji, ile kompyuta halisi, bado anavihitaji, na mwenyeji abaki na kadi nyingine ya kuchorea skrini yake. Kwa laptopu yenye kadi moja, huo ni usumbufu mtupu. Kijana mmoja wa Mikindani anayechora ramani za nyumba alinibana sana kwa hilo. Nikamshauri aweke Windows kwenye diski ya peke yake, na akiwasha laptopu achague mfumo anaoutaka.

Kabla ya kubadilisha chochote, zima mgeni kabisa. Mashine iliyohifadhiwa katikati ya kazi hufunga mipangilio hii, na utabaki unabofya kitufe kilichofifia.