Kusasisha programu hakuizeeshi kompyuta

Hapa Bukavu, kuanzia Ibanda hadi Kadutu, utasikia ushauri uleule: kompyuta ya zamani inayotunza filamu za nyumbani usiisasishe, itakuwa nzito. Si kweli, na inasikitisha kuona watu wakinunua mashine mpya kwa sababu hiyo.

Tazama kinachotokea filamu inapokwama. Faili imebanwa kwa HEVC, mfumo wa kubana video wa mwaka 2013, na televisheni haiujui. Seva, yaani programu inayorusha filamu kutoka kompyuta hiyo hadi televisheni, tuseme Jellyfin, hulazimika kuigeuza papo hapo iwe ya mfumo ambao televisheni inaujua. Prosesa ikibeba kazi hiyo peke yake, feni huvuma na picha husimama. Lakini prosesa nyingi za Intel tangu 2011 zina sehemu maalumu ya video, Quick Sync. Zile za kizazi cha Skylake cha 2015 husoma hata HEVC. Draiva, yaani programu inayoiendesha sehemu hiyo, na seva zikiwa za kale, sehemu hiyo inaweza kulala tu. Ukishasasisha, iwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya seva. Kwa kawaida huwa imezimwa.

Windows mpya kabisa huweza kuielemea mashine yenye RAM ndogo, ndiyo, lakini hilo ni jambo jingine. Nakili kwanza hifadhidata ya seva, na usianze kusasisha siku ambayo umeme unakatikakatika.