Hewa Kifuani mwa Mtoto Si Upepo wa Ziwa

Mtoto mwenye nimonia akizidiwa ghafla, wapo wazee wa mwambao wa Mwanza na visiwa vya Ukerewe wanaosema kwamba upepo wa ziwa umemwingia kifuani. Hewa kweli imeingia, ila haikutoka ziwani. Imetoka katika pafu lenyewe: bakteria, hasa stafilokokasi, huharibu nyama ya pafu na kuacha vifuko vya hewa, na kifuko kimoja kikipasuka, hewa huvuja hadi kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu likabanwa na kunywea. Pumu kali, kifua kikuu, hata punje ya karanga iliyompalia mtoto, vyaweza kuleta hali hiyohiyo. Kwa hiyo kumfunika mablanketi au kumchua kifua hakuitoi hewa hiyo, bali humpotezea muda ambao mtoto wa Nansio, mji wa Ukerewe, mwenye saa kadhaa za meli kabla ya kufika hospitali ya rufaa ya Bugando jijini Mwanza, hana.

Wengine hudhani kwamba mtoto akiacha kulia amepata nafuu, kumbe huenda amechoka kwa kukosa oksijeni. Mvue nguo umtazame: upande mmoja wa kifua hupanda kidogo kuliko mwingine, sehemu ya chini ya kifua huingia ndani akivuta pumzi, na ulimi hugeuka bluu.

Linaloogopwa kuliko yote ni mpira wa kifuani, yaani mrija wa kutolea hewa hiyo, kwa imani kwamba unatoboa pafu. Mpira huo hupitishwa kati ya mbavu baada ya ganzi, ukaishia ndani ya maji katika chupa iliyo sakafuni. Mama akiona viputo huhofu kwamba kitu kimeharibika, ilhali viputo hivyo ndiyo hewa iliyokuwa ikimkaba mwanawe, na maji huizuia isirudi. Naomba sana chupa isiinuliwe juu ya usawa wa kifua, hata wakati wa kumbeba mtoto, kwa kuwa maji yaweza kurudi ndani. Wala mpira usibanwe viputo vikiwa bado vinatoka.

Si kila mtoto huhitaji mpira, kwani hewa kidogo hufyonzwa na mwili wenyewe chini ya uangalizi. Hewa ikibana hadi moyo kusukumwa upande, daktari huchoma sindano kifuani papo hapo bila kungoja eksirei, na hapo hajakurupuka. Mpira hutolewa viputo vinapokoma na picha kuonesha pafu limetanuka tena.