Seneta wa jimbo si seneta wa Marekani

Juzi tena mtangazaji mmoja wa redio amesema Barack Obama alikaa kwenye Seneti ya Marekani tangu mwaka 1997 hadi alipochaguliwa kuwa rais. Kosa hili limesikika mara nyingi mno. Obama aliingia Seneti ya Marekani Januari 2005 na kuiacha Novemba 2008. Hata miaka minne haikutimia. Kabla ya hapo, kuanzia 1997 hadi 2004, alikuwa seneta wa jimbo la Illinois. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, tena katika mji mwingine.

Maana yenyewe ni fupi. Kila jimbo kati ya majimbo 50 ya Marekani lina katiba yake, gavana wake na bunge lake la kutunga sheria. Mtu aliyechaguliwa kuingia bunge hilo ndiye mbunge wa jimbo, na akiwa kwenye baraza la juu huitwa seneta wa jimbo. Nebraska pekee ina baraza moja; mengine yote yana mawili. Bunge la taifa, yaani Kongresi, lenye Seneti na Baraza la Wawakilishi, lina wajumbe 535 wenye kura na liko Washington. Wabunge wa majimbo, ukiwajumlisha, wanapita 7,000.

Linalotuchanganya linatoka nyumbani kwetu. Tanzania Bara, mbunge wa jimbo ni yule ambaye watu wa Mtera au Ubungo wamemtuma Dodoma. Kenya nako, tangu 2013, seneta wa Kakamega au wa Kilifi huketi Nairobi, kwenye bunge la taifa. Basi msikilizaji akiambiwa “seneta wa Illinois”, anampeleka Washington moja kwa moja. Tena huwezi kumlaumu, kwa sababu Illinois kweli ina maseneta wawili Washington. Lakini ina maseneta wengine 59 wanaokutana Springfield, makao makuu ya jimbo, na maneno yale yale matatu yanaweza kuwahusu wote.

Wazanzibari hili wanalielewa upesi. Wao huchagua Mwakilishi aende Chukwani na Mbunge aende Dodoma. Shule, hospitali na ardhi ni mambo ya Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Uraia, ulinzi na mambo ya nje ni ya Bunge la Muungano. Mgawanyo wa Marekani unakaribiana na huo, ila bunge la jimbo kule limeshika mengi zaidi. Sheria nyingi za jinai, mahakama za jimbo, leseni za udereva, taratibu za kupiga kura, na katika majimbo mengi hata uchoraji wa mipaka ya maeneo ya uchaguzi wa Kongresi, vyote viko mikononi mwake. Viza na vita havilihusu.

Ndiyo maana inaniuma kuona miaka ile ya Springfield ikifutwa au kuhamishiwa Washington. Obama aliwakilisha wilaya ya 13 ya Seneti ya Illinois, upande wa kusini wa Chicago, huku akiendelea kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago. Kwa miaka sita ya mwanzo chama chake, Democrats, kilikuwa cha wachache katika baraza hilo. Mwaka 2000 alijaribu kuingia Kongresi, akashindwa vibaya na Bobby Rush, mwenye kiti hicho wakati ule, kwenye kura ya mchujo ya chama, akarudi kwenye kiti chake cha Springfield. Democrats walipolitwaa baraza mwaka 2003, akasimamia muswada uliotaka polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji.

Huo haukuwa muswada mdogo. Katika jimbo hilo watu 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wamekuja kuonekana hawakustahili hukumu ile, na Januari 2000 Gavana George Ryan akasimamisha utekelezaji wa adhabu ya kifo. Polisi na waendesha mashtaka hawakuutaka muswada huo mwanzoni. Obama akakaa nao, kifungu kwa kifungu, hadi ukapita Seneti bila kura hata moja ya kupinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuliweka jambo hilo kwa sheria ya bunge. Kazi kama hiyo, ya maisha na kifo, ilifanywa na mbunge wa jimbo. Na hata hotuba ya Boston ya Julai 2004, kwenye mkutano mkuu wa Democrats, iliyofanya dunia nzima imjue, aliitoa akiwa bado seneta wa Springfield.

Si kila bunge la jimbo linafanana na la Illinois. La Texas hufanya kikao chake cha kawaida kila baada ya miaka miwili, kisichozidi siku 140. New Hampshire ina wajumbe 400 katika baraza la chini, na kwa miaka mingi posho yao imekuwa dola 100 kwa mwaka, kwa hiyo ni lazima mtu awe na kazi nyingine ya kumlisha.

Basi ukimtaja Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya aliyechaguliwa Novemba 2024, andika kwamba alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota, linalokutana St. Paul. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alikuwa mbunge wa jimbo la New York, akiketi Albany, kabla ya kuwa meya wa jiji la New York. Hakuwahi kuwa mjumbe wa Kongresi. Ilhan Omar yeye amepita kote kuwili: bunge la jimbo la Minnesota kuanzia 2017, Kongresi kuanzia 2019. Kwake taja yote mawili, kila moja na mwaka wake.