Uvimbe wa Mfupa Begani: Mkono Hujengwaje Upya?

Mwanangu ana miaka 15. Alianguka mpirani, bega likavimba na halipoi. Bibi yake anataka achuliwe. Achuliwe?

Hapana, mama. Kuanguka hakuleti kansa ya mfupa. Mara nyingi ndiko kunakowafanya watu waangalie mahali ambapo uvimbe ulikuwa umeshaanza. Uvimbe mgumu unaozidi kukua, wenye maumivu yanayomwamsha usiku, upigwe eksirei kwanza. Osteosakoma, kansa ya mfupa inayowapata sana vijana walio katika umri wa kurefuka, hupenda zaidi karibu na goti, lakini sehemu ya juu ya mfupa wa mkono, pale begani, nayo haiachi. Bibi asikasirike: mafuta yake tuyaweke kwa ajili ya misuli iliyochoka.

Wanataka kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, wakakipime. Si kipimo kidogo tu?

Kidogo kwa jicho. Ila njia iliyopita sindano au kisu huhesabiwa kuwa imeguswa na kansa, na siku ya upasuaji mkubwa lazima itolewe pamoja na uvimbe. Kinyama kikichukuliwa mahali pasipofaa, daktari anaweza kujikuta anakata misuli au mishipa ya fahamu ambayo ingesalia. Ndiyo maana ningekushauri usafiri hadi hospitali yenye timu itakayompasua, kinyama kikachukuliwe huko huko, hata kama karibu na nyumbani kuna mtu aliye tayari kesho asubuhi.

Mfupa ukishatolewa, panawekwa nini?

Kwa osteosakoma, kwa kawaida mgonjwa huanza na kemo, yaani dawa za kuua kansa, hupasuliwa, kisha humalizia kemo. Pengo linalobaki huzibwa kwa njia kadhaa. Kuna chuma maalumu chenye kichwa kama cha mfupa wa bega: mkono unapata nguzo mapema, lakini chuma kinaweza kulegea au kushikwa na maambukizi miaka baadaye. Kuna mfupa uliotolewa kwa marehemu na kuhifadhiwa. Wapo hata wanaougeuza mtulinga, ukateremshwa ushike nafasi ya mfupa uliotoka.

Njia inayonivutia mimi ni fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu. Hukatwa pamoja na mishipa yake ya damu, kisha mishipa hiyo, yenye upana wa milimita chache tu, huunganishwa na ya mkononi chini ya hadubini. Mwaka 1975, Ian Taylor na wenzake wa Australia walieleza upasuaji wa namna hiyo kwenye mguu uliojeruhiwa. Mfupa unaohamishwa na damu yake hubaki hai: huunga, na kadiri unavyobeba mzigo, hunenepa. Tatizo ni kwamba kabla haujanenepa unaweza kuvunjika, kwa hiyo subira inatakiwa.

Na mguu uliotoa mfupa?

Hutembea. Mzigo mkubwa wa mwili hubebwa na mfupa wa muundi. Kipande cha chini cha fibula huachwa ili kifundo cha mguu kisilegee.

Nyama na ngozi zikiondoka nyingi?

Msuli mpana wa mgongoni huzungushwa kupitia kwapani ukiwa bado na mshipa wake wa damu, ukafunika pengo. Kipande kinapokuwa kimehamishwa kabisa kutoka mbali, siku za kwanza wauguzi hukiangalia mara kwa mara, usiku na mchana: rangi, joto, damu inavyopita. Msishangae, na asiwepo wa kuvuta sigara karibu naye, maana nikotini hubana mishipa.

Atarusha mpira tena?

Pengine si kwa mkono huo. Misuli inayoinua bega hushikana na mfupa uleule unaotolewa, kwa hiyo kuinua mkono juu ya kichwa mara nyingi hupotea. Kinachopiganiwa ni kiwiko na vidole: kuandika, kula, kufunga vifungo. Mshipa wa fahamu unaonyanyua kifundo cha mkono ukilazimika kukatwa, baadaye kano za misuli mingine huweza kuhamishwa zifanye kazi hiyo.

Mbona wengine hukatwa mkono mzima?

Uvimbe ukishazingira mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, mkono utakaobaki hautakuwa na hisia wala nguvu, na kansa itaachwa ndani. Lakini uvimbe ukiweza kutolewa wote pamoja na ukingo wa nyama isiyo na kansa, kuukata mkono hakumwongezei mtoto uhai. Muulize daktari wazi, kabla ya kusaini: mishipa ya fahamu ipi itabaki?