Kidonge cha tumbo hunywewa saa ngapi? Maswali ya kaunta ya famasi

Mimi ni mfamasia, ingawa dukani wateja huniita daktari na nimeshachoka kuwasahihisha. Haipiti siku bila mtu kuingia ameshika tumbo akitaka "dawa ya vidonda". Wengi wao dawa wanayo tayari nyumbani, kasoro iko kwenye namna wanavyoinywa. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa mara nyingi. Majina ya dawa nimeyaandika tunavyoyatamka, kwa hiyo kwenye boksi utakuta herufi za mwisho zimebadilika kidogo.

Kiungulia kikinishika natafuna vile vidonge vyeupe. Kinatulia, baada ya saa moja kinarudi. Nimeuziwa feki?

Hapana. Vidonge vya magnesiamu na alumini, pamoja na zile dawa nzito za maji za kwenye chupa, havizuii tumbo kutengeneza asidi. Vinaikuta asidi imeshamwagika, vinaikata ukali. Kazi yake huanza ndani ya dakika chache, na ndiyo maana watu wanavipenda. Lakini ukivila tumbo likiwa tupu, tumbo huvisukuma haraka kwenda kwenye utumbo, na nafuu nayo inaondoka. Vitafune vizuri saa moja hivi baada ya kula: chakula huvishikilia, na unaweza kupata nafuu ya hadi saa 3.

Magnesiamu hulegeza choo, alumini hukikaza, ndiyo sababu watengenezaji huzichanganya. Mwenye ugonjwa wa figo asizitumie kabla ya kuongea na daktari wake, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa mabaki ya madini hayo mwilini.

Omeprazoli nimekunywa siku mbili sioni kitu. Niongeze dozi?

Kabla sijajibu huwa nauliza: unainywa saa ngapi? Naambiwa, "Nikishakula," au "Maumivu yakianza." Basi hapo ndipo dawa inapopotelea.

Kwenye ukuta wa tumbo kuna seli zenye pampu ndogo sana zinazomwaga asidi. Omeprazoli na ndugu zake (esomeprazoli, pantoprazoli, lansoprazoli) hawazimi pampu hizo kwa kuzigusa kutoka ndani ya tumbo. Dawa hupita tumboni ikiwa imefunikwa na ganda lisiloyeyuka kwenye asidi, inafunguka kwenye utumbo mwembamba, inaingia kwenye damu, kisha damu ndiyo inayoirudisha kwenye ukuta wa tumbo. Ni kama mtu aliyekuta mlango wa mbele umefungwa akazunguka uani. Ikifika inaing'ang'ania pampu na kuizima kabisa, hadi mwili utengeneze nyingine.

Shida ni kwamba inazima pampu iliyo kazini tu, iliyolala haiwezi. Kinachoziamsha ni chakula. Dawa yenyewe haikai kwenye damu muda mrefu, saa chache tu imekwisha. Kwa hiyo inywe dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, hasa kabla ya chai ya asubuhi, ili unapouma chapati dawa iwe imeshafika na inasubiri pampu ziamke. Na kwa kuwa pampu haziamki zote siku moja, nguvu kamili huonekana siku ya 3 au ya 4. Usiongeze dozi, badilisha saa.

Usikitafune wala kuzisaga punje za ndani. Ganda likivunjika, asidi inaiharibu dawa kabla haijafika utumboni. Na usiitumie kama Panadol, kwamba leo linauma nanywa, kesho limetulia naacha.

Na nikiwa nimefunga Ramadhani?

Kama dozi ni mara moja kwa siku, kuna nafasi mbili nzuri. Ya kwanza ni nusu saa kabla ya daku. Ya pili, ambayo wateja wangu wengi wameipenda, ni kuinywa kwa maji adhana ya magharibi inapoadhiniwa, ukaenda kuswali, ukirudi ndipo ukae kwenye futari. Lakini mwenye kidonda kinachovuja damu, au aliyetoka hospitali kwa sababu hiyo hivi karibuni, asifunge kabla hajaonana na daktari.

Nimeitumia miaka miwili, nikiacha asidi inarudi kwa kasi. Ina maana nimekuwa mteja wa kudumu?

Si lazima. Tumbo lililozimiwa pampu kwa muda mrefu hujiandaa kutoa asidi nyingi zaidi, na ukiacha ghafla inafurika kwa wiki kadhaa. Watu wengi huchukulia mafuriko hayo kama ugonjwa kurudi. Kinachosaidia ni kushuka polepole: dozi ndogo, kisha siku moja unakunywa na nyingine unaacha, huku vidonge vya kutafuna vikishika zamu siku ngumu.

Wapo wanaohitaji dawa hizi kwa muda mrefu kweli, kwa mfano mwenye umio ulioathiriwa vibaya na asidi. Hao hufuatiliwa, maana matumizi ya miaka mingi yanaweza kupunguza vitamini B12 na magnesiamu mwilini. Lakini anayejinunulia mwenyewe, wiki 2 zikipita bila kupona, aende akapimwe. Asisubiri hata wiki hizo kama chakula kinakwama kinaposhuka, anakonda bila sababu au anatapika damu.

Nilitibiwa bakteria wa tumbo mwaka jana. Nimepima damu tena, wanasema bado ninao. Hii itakuwa dozi ya tatu.

Swali hili huniuma kuliko yote, kwa sababu mara nyingi anayeuliza hana bakteria tena. Amepimwa kwa kipimo kisichofaa.

Hadi miaka ya 1980 vidonda vya tumbo vilisingiziwa mawazo na pilipili. Madaktari wawili wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakasema kuna bakteria anayeishi tumboni. Hawakuaminiwa, kwani nani angekubali kuwa kiumbe kinaweza kuishi ndani ya asidi? Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi uliojaa bakteria hao. Haikupita wiki mbili akawa anatapika, na alipochunguzwa tumbo lake lilikutwa limewaka kwa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo ndiye H. pylori mnayemsikia maabara. (Tafadhali msiige kunywa.)

Matibabu yake huunganisha dawa ya kupunguza asidi na antibayotiki mbili, mara nyingi klarithromaisini pamoja na amoksilini au metronidazo, kwa siku 14 kwa kawaida. Kwingine bismathi, dawa nyingine ya tumbo, huongezwa. Hakuna dawa ya kupamba pale. Bakteria hujificha ndani ya ute mzito, na antibayotiki hufanya kazi vizuri zaidi asidi ikiwa imeshushwa. Anayeacha siku ya tano kwa sababu mdomo umekuwa mchungu anawaachia wale sugu shamba zima. Uchungu wa mdomo huisha ukimaliza dawa.

Sasa turudi kwenye kipimo. Kile cha haraka cha damu hakitafuti bakteria, kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulitengeneza kupambana naye, na hizo hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya yeye kufa. Ni sawa na kuona nyayo uani ukaapa kwamba mwizi bado yumo ndani. Kujua kama umepona, omba kipimo cha antijeni (chembe za bakteria mwenyewe) kwenye kinyesi au kipimo cha pumzi. Kifanyike wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazoli uwe umeisimamisha wiki 2 kabla, vinginevyo bakteria aliyebaki anaweza asionekane. Kabla hujalipia boksi la tatu, lipia kipimo hicho.

Mgongo unaniuma na nina vidonda. Kidonge nakiogopa, si nichomwe sindano ya diklofenaki?

Sindano haikwepi tumbo. Ukuta wa tumbo hujilinda kwa ute na kwa damu inayopita ndani yake, na kuna kemikali za mwili, prostaglandini, zinazosimamia ulinzi huo. Kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazochochea maumivu na uvimbe mgongoni. Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu na asprini huzuia mwili kuzitengeneza, popote zilipo. Umemeza, umechomwa kwenye tako, dawa ikishafika kwenye damu ulinzi wa tumbo unashuka. Kula kwanza kunapunguza kichefuchefu, hakuondoi hatari ya kidonda.

Ninaowahofia ni mafundi ujenzi, wabeba mizigo na waendesha bodaboda wanaomeza "diklo" kila jioni kama sehemu ya chakula. Kidonda cha namna hii kinaweza kukaa kimya kabisa mpaka siku kinapovuja damu.

Kwako wewe parasetamoli ndiyo ya kuanza nayo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana anahitaji kiasi pungufu kuliko hicho. Soma pia nyuma ya boksi la dawa za mafua na za "maumivu yote", kwa sababu asprini au ibuprofeni hupenda kujificha humo. Anayekunywa asprini ya moyo kwa maelekezo ya daktari asiiache kwa kusoma hapa. Amuulize daktari kama anahitaji kinga ya tumbo.

Maziwa na juisi ya kabichi je?

Maziwa hupoza kwa muda mfupi, kisha protini na kalisi zake huchochea asidi nyingine. Kabichi ni mboga, kula ukipenda. Mojawapo isichukue nafasi ya dozi.

Naweza kuchanganya dawa za tumbo na dawa zangu nyingine?

Vidonge vya kutafuna ndivyo vyenye ugomvi. Madini yake hushikana na dawa nyingine tumboni, zikatoka na choo bila kuingia kwenye damu. Doksisaiklini, sipro na vidonge vya madini ya chuma vinahitaji nafasi ya saa 2 au zaidi. Wanaotumia TLD, kidonge cha kupunguza makali ya VVU, wasikilize hapa kwa makini: ndani yake kuna dolutegraviri, ambayo hunywewa saa 2 kabla ya dawa hizo za asidi au saa 6 baada yake. Sijui ni wangapi huambiwa hivyo wanapochukua dawa zao kliniki, lakini dukani kwangu wengi husikia kwa mara ya kwanza.

Mtoto anaharisha tangu jana. Nipe Flagyl ya maji.

Ombi hili nalikataa mara nyingi, na huwa nanuniwa. Flagyl, yaani metronidazo, huua amiba, giadia na aina fulani za bakteria. Kuharisha kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, na virusi hawaijali Flagyl. Kinachoua ni maji kuisha mwilini.

Mwaka 1971, wakimbizi wa vita ya Bangladesh walijazana Bangaon, India, kipindupindu kikawaingia na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi kwa vikombe, na vifo vikashuka sana. Siri yake ni kwamba kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango unaopitisha chumvi pale inapofika pamoja na sukari, na zikiingia maji hufuata nyuma. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtu anapoharisha.

Kwa hiyo chukua ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, maana zipo za lita moja na za nusu lita. Ikiwa kali mno badala ya kuleta maji inayavuta yatoke. Mpe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika 10 uendelee, na iliyobaki baada ya saa 24 imwage. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama ameshaacha kuharisha. Macho yakizama, akishindwa kunywa, akilegea au akitoa damu kwenye choo, acha kila kitu mkimbize hospitali.

Loperamidi, ile ya kufunga choo, hupunguza mwendo wa utumbo tu. Mtoto asipewe kabisa, na mtu mzima mwenye homa au damu kwenye choo asiiguse.

Flagyl ikiandikwa na daktari baada ya kupima, pombe iwekwe kando hadi angalau siku 2 baada ya dozi kuisha. Mkojo unaweza kuwa wa rangi ya chai, usishtuke.

Choo kigumu?

Bisakodili inywe usiku, asubuhi itajibu. Usiinywe pamoja na maziwa wala vidonge vya asidi, maana vinayeyusha ganda lake kabla ya wakati na utapata msokoto wa tumbo. Ni ya siku chache. Laktulosi ni ya upole, lakini inataka subira ya hadi siku 2.

Nimeona choo cheusi. Ni kidonda?

Uko kwenye vidonge vya chuma, labda una ujauzito? Au bismathi? Hizo hukifanya choo kiwe cheusi bila madhara. Damu iliyotoka tumboni hufanya choo kiwe cheusi kama lami, cha kunata na chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida, na mara nyingi mtu huwa anahisi kizunguzungu au moyo kwenda mbio. Ukikiona hicho, hata kama ni usiku wa manane, usingoje nifungue duka. Nenda hospitali, na ubebe maboksi ya dawa zote unazotumia.