Mlima Umejifunika, Kwa Hiyo?

"Kaka, mlima umejifunika, nyota tutaziona wapi? Bora tuahirishe." Simu ya namna hii hunijia kila msimu, mimi ninayepeleka watu mlimani kutazama nyota, na anayepiga yuko Moshi mjini, saa nane mchana. Jamani! Unautazama Kilimanjaro mchana, tena kutoka chini, halafu unauhukumu usiku wa juu.

Haraka haraka: jua likishapata nguvu, hewa yenye unyevu hupanda mteremko, hupoa, hugeuka vitone. Kufikia mchana msitu wote umemezwa, na anayetoka geti la Machame, kama mita 1,800, anatembea ndani ya ukungu mpaka nguo zinalowa bila mvua. Usiku mteremko unapoa, hewa inakuwa nzito na kuanza kushuka, na wingu nalo hushuka au hukatika. Juu yake huwa kuna tabaka la hewa yenye joto zaidi linalolizuia lisipande. Kambi ya Shira, mita zipatazo 3,800, mara nyingi iko juu ya tabaka hilo.

Sasa hapa ndipo ninapokereka. Watu wamelifanya wingu hilo adui, wakati adui wa mtazama nyota ni taa. Moshi inawaka, Arusha inawaka, na usiku ambao mabonde yako wazi kabisa utauona weupe wao ukipanda kutoka upeo wa macho na kula nyota zilizo chini. Wingu zito likilala juu ya miji, taa zimefunikwa. Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota, inashuka mpaka inazama kwenye wingu lenyewe, na kundi la nyota la Msalaba wa Kusini utaliona bila kuonyeshwa kwa kidole. Usiku huo ndio mteja wangu anataka kuuahirisha!

Siwezi kukuapia, lakini. Vitabu huchora tabaka hilo la hewa ya joto kama mstari wa rula; mlimani linapanda na kushuka litakavyo, na hasa wakati wa masika wingu huweza kutufuata hadi Shira na kulala nasi. Utabiri wa kwenye simu siuamini sana huku. Mimi hutoka nje saa mbili usiku: upepo ukitoka upande wa kilele cha Kibo na turubai la hema likianza kukauka, nasubiri. Ukitoka bondeni, naenda kulala.

Ukungu ukiwa mwepesi, nyota kali zitapenya na mwezi utavaa pete. Njia Nyeupe isahau. Ukiwa mzito na uko njiani, vua tochi ya kichwani uishike kiunoni. Ikikaa juu ya macho, mwanga hugonga vitone na kukurudia usoni, ukabaki unatazama ukuta mweupe.

Na kabla hujaniamsha kuniambia ukungu umeingia kambini, mulika lenzi ya kamera yako. Mara nyingi ni umande. Chini ya anga safi kioo hupoteza joto haraka, kikapoa kuliko hewa inayokizunguka, kikalowa. Yaani unalalamikia usiku mzuri. Usifute kwa leso, utakipaka vumbi la Shira. Vuta soksi shingoni mwa lenzi, chomeka ndani yake kile kipakiti cha kupashia mikono joto, kisha subiri. Soksi iwe safi, tafadhali, hema tunalala wawili.