"Nchi isiyokuwa na dini" maana yake nini hasa?

Mjadala wa dini ukipamba moto Tanzania, haupiti muda kabla mtu hajasema "serikali haina dini", na mwingine akamjibu, "Kwa hiyo mnataka tuwe nchi ya wapagani?" Wanabishana juu ya maneno yaleyale, kila mmoja ameyashika upande wake. Maneno hayo yamo katika Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977, inayoitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini, inayofuata mfumo wa vyama vingi.

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye neno "nchi". Katika mazungumzo yetu nchi ni ardhi pamoja na watu wake, na kuwaambia Watanzania kwamba hawana dini ni kusema jambo ambalo kila mtu analiona si kweli. Katiba hapa inazungumzia dola: serikali, Bunge, mahakama, majeshi, ofisi zote zinazotumia mamlaka ya umma. Dola haibatizwi wala haitamki shahada ya Kiislamu. Haina madhehebu ya kukuvutia, na haiwezi kukupa au kukunyima haki kwa sababu ya mahali unaposali. Ndiyo maana ya usemi tuliorithi tangu enzi za Mwalimu Nyerere, kwamba serikali haina dini ila watu wake wanazo.

Ibara ya 19 ndiyo inayoutia nyama mfupa huo. Inampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuabudu, kueneza imani yake na hata kuibadilisha. Kisha inaongeza jambo ambalo watu wengi hawalitaji: uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo mpaka uliowekwa una pande mbili. Dini haikabidhiwi dola, na dola haikabidhiwi dini. Katika mabishano yetu huwa tunaukumbuka upande wa kwanza tu.

Kutokuwa na dini, kwa namna ya Tanzania, hakujawahi kumaanisha kumfukuza Mungu katika ofisi za umma. Wimbo wa taifa unaanza kwa kumwomba abariki Afrika. Kikao cha Bunge kinafunguliwa kwa dua. Rais anaapa akiwa na Msahafu au Biblia mkononi, kulingana na imani yake. Baraza la Mitihani linatahini Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia. Ufaransa, iliyotenganisha kanisa na dola kwa sheria ya mwaka 1905, ilipiga marufuku hijabu na alama nyingine za dini zinazojionyesha wazi katika shule za umma mwaka 2004. Kwetu msichana anavaa hijabu katika shule ya serikali na hakuna Katiba iliyovunjwa. Nchi zote mbili zinasema dola haina dini, lakini mmoja anafunga mlango kwa dini zote na mwingine anaufungua kwa zote. Kwangu mimi, njia yetu inawafaa zaidi watu wetu, mradi mlango uwe na upana uleule kwa kila anayeingia.

Ukitaka kuiona dhana hii ikifanya kazi, nenda ukakae mahakamani asubuhi moja. Shahidi anapanda kizimbani. Kabla hajasema lolote kuhusu kesi anaulizwa jina, umri, kazi, anapoishi, na dini yake. Akiwa Mkristo anaapa kwa Biblia, akiwa Mwislamu anathibitisha kwa imani yake, na asiye na dini naye anathibitisha kwamba atasema kweli. Dini yake inaandikwa kwenye mwenendo wa kesi. Halafu inaishia hapo. Hakimu haruhusiwi kuuona ushahidi wake kuwa mzito au mwepesi kwa sababu ya kitabu alichokishika. Dola imemuuliza imani yake ili kiapo kimfunge yeye mwenyewe katika dhamiri yake, wala haikumuuliza ili impime.

Tazama pia hati ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa iliyofungwa msikitini, kanisani, kiserikali au kimila. Sheikh au padri anayefungisha ndoa anafanya ibada, lakini papo hapo anafanya kazi ya dola, kwa sababu ana leseni ya kufungisha ndoa na cheti anachokutilia saini ni cha serikali. Ndoa ikiyumba, sheria inataka shauri lipitie kwanza bodi ya usuluhishi, na bodi hizo zimo hata ndani ya taasisi za dini. Kwa ndoa ya Kiislamu, bodi ikishindwa kusuluhisha na talaka ikatolewa kwa taratibu za dini, mahakama ya kawaida inaitambua. Anayedhani dini na dola zimetenganishwa kwa ukuta wa zege hajawahi kufuatilia shauri la talaka hadi mwisho.

Hapo ndipo ubishi wa Mahakama ya Kadhi, ile ya kuamua mambo ya Waislamu kama ndoa na mirathi, unapopata uzito wake. Zanzibar inazo, kwa sheria zake. Bara ziliondolewa baada ya Uhuru, na suala likarudi kwa nguvu baada ya ilani ya CCM ya mwaka 2005 kulitaja. Wanaopinga wakasema nchi haina dini, wakaona wamemaliza hoja. Hawakuwa wameimaliza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema hakuna dini ya taifa, na Katiba hiyohiyo inazitambua Mahakama za Kadhi. Swali la kweli lilikuwa ni nani azigharamie, na kama hukumu zake zitamfunga mtu asiyetaka kwenda huko. Hayo ni maswali ya heshima yanayostahili majibu, na maneno matatu ya Ibara ya 3 hayawezi kuyajibu peke yake.

Upande wa pili kuna malalamiko ya Waislamu kuhusu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, yaliyohusu huduma za afya na elimu. Serikali inalipa mishahara ya watumishi katika hospitali kama Bugando, ambayo ni ya kanisa. Je, dola isiyo na dini inaruhusiwa kufanya hivyo? Naona inaruhusiwa, kwa kuwa mgonjwa anayepokelewa pale haulizwi anasali wapi, na pesa inalipia tiba. Lakini aliyeuliza kwa nini mkataba ulikuwa na upande mmoja hakuwa mchochezi. Alikuwa anaidai Katiba itimizwe. Usawa mbele ya dola haupimwi kwa nia njema ya waliosaini, hupimwa kwa kila mwenye shule au zahanati kuwa na uwezo wa kubisha mlango uleule na kufunguliwa.

Sasa tuje kwenye sentensi inayosikika kuliko zote: "Msichanganye dini na siasa." Watu wanaitamka kana kwamba ni ibara ya Katiba. Haimo. Kilichokatazwa, katika Ibara ya 20, ni chama cha siasa kinachosajiliwa ili kupigania maslahi ya kundi la dini. Hilo ni katazo zuri, na mwaka 1995 Mwalimu alipoutaja udini kati ya nyufa za taifa alikuwa anaionya nchi juu ya hatari hiyohiyo, ya watu kutafuta madaraka kwa kuuliza "mwenzetu ni nani?" Ila kiongozi wa dini kusema bei imepanda, haki imepotoshwa au mkataba haufai ni kitu kingine. Askofu, sheikh na mchungaji ni raia, na uhuru wa maoni wa Ibara ya 18 haukuwaacha nje.

Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai, likasomwa makanisani. Waliokasirika walisema kanisa limeingilia dola. Unaweza kuipinga hoja ya maaskofu, na wengi waliipinga, wakiwemo Wakatoliki. Lakini kusema si kutawala. Maaskofu hawakuwa na kura bungeni wala saini kwenye mkataba. Na ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba kiongozi wa dini akiombea serikali au akihimiza watu wajitokeze kwenye sensa, hakuna anayemwambia amechanganya. Lawama huja anapokosoa. Kanuni inayowakumbuka wakosoaji tu haijatoka kwenye Ibara ya 3.

Juni 2025 mpaka ulijaribiwa kutoka upande ule tunaousahau. Msajili wa Jumuiya alilifutia usajili kanisa la Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa pia mbunge, baada ya kukemea utekaji wa watu, kwa maelezo kwamba matamko yake yalikuwa ya kisiasa na ya kuichonganisha serikali na wananchi. Kabla mwaka haujaisha serikali iliagiza lifunguliwe. Unaweza usiyapende mahubiri yake hata kidogo. Swali linabaki kwa kila msikiti na kila kanisa, kwa sababu jumuiya za dini zinasajiliwa kwa utaratibu huo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani: kama uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, mahubiri ya mtu mmoja yanawezaje kuwafungia mlango wa ibada maelfu ambao hawakupanda mimbarini?